Alinitukana Vaals, akanisukuma Aachen: je, Ulaya ina sheria moja dhidi ya chuki?

SWALI

Shikamoo wakili. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, naishi Vaals, Uholanzi, na kazi yangu ni kutunza wazee Aachen, upande wa Ujerumani. Ni mwendo wa basi moja tu. Wiki tano zilizopita, alfajiri, mwanamume mmoja alianza kunitukana tukiwa bado Vaals. Aliniita nyani, akasema turudishwe kwetu na mitandio yetu. Tulipokwisha kuvuka kuingia Aachen nikasimama nishuke, akanisukuma, nikajigonga bega, simu ikaanguka ikapasuka kioo. Mama mmoja wa Kituruki akaniokotea. Kijana aliyekaa nyuma alirekodi, na jioni video ikawa mtandaoni kwenye ukurasa wa mtu anayeishi Liège, Ubelgiji. Chini yake watu wamecheka, na mmoja ameandika tuchomwe moto. Nilikwenda polisi Aachen nikapewa karatasi. Binti yangu alipoisoma akaniambia wameandika "kusukumana kati ya abiria". Kaka yangu aliyeko Sweden anasema Ulaya yote ina sheria moja ya chuki, nidai haki yangu. Mwenzangu kazini anasema hakuna kitu kama hicho, kila nchi na lake. Nani mkweli? Na kama haipo, kwa nini wasiiweke?

Mama wa Vaals

JIBU

Marahaba dada yangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile picha ya karatasi uliyoniambatishia nimeikuza mpaka herufi zikachanganyika. Kaka yako ana nusu ya ukweli, mwenzako ana nusu nyingine, na wewe umeangukia katikati.

Lakini kwanza lile lenye saa. Kwa kawaida sheria ya Ujerumani hailifuatilii tusi la mtu kwa mtu mpaka aliyetukanwa mwenyewe aombe kwa sahihi yake. Ombi hilo huitwa Strafantrag, na lina miezi 3. Msukumo ule uliokuumiza bega nao, ukihesabiwa ni wa kawaida, huingia katika utaratibu huohuo. Uholanzi vilevile, kwa tusi la kawaida, mtukanwa ana miezi 3 ya kulalamika. Kisheria siku huhesabiwa tangu ulipojua kilichotendeka na aliyekitenda, ila wewe usiingie kwenye mabishano hayo. Hesabu tangu asubuhi ile ya basi. Wiki tano zimekwenda, na kwenye karatasi yako neno Strafantrag silioni.

Sasa swali lenyewe. Sheria ipo. Tarehe 28 Novemba 2008 Baraza la Umoja wa Ulaya lilipitisha uamuzi namba 2008/913/JHA, likazipa nchi wanachama miaka 2 kuutia katika sheria zao. Una mambo mawili makubwa. La kwanza ni la maneno: kuchochea hadharani ukatili au chuki dhidi ya kundi la watu, au dhidi ya mtu kwa kuwa ni wa kundi hilo, kwa ajili ya rangi, dini, nasaba, taifa au kabila, kuwe ni jinai, na kiwango cha juu cha adhabu kiwe angalau kati ya mwaka 1 na miaka 3 jela. La pili ni la vitendo: kosa lolote jingine, liwe kupiga mtu, kuchoma duka au kuvunja kioo, likisukumwa na ubaguzi wa rangi au chuki kwa wageni, msukumo huo uzidishe adhabu, au angalau hakimu auzingatie anapoipanga. Humo mna pia kukana mauaji ya kimbari. Katika mkondo huo, Desemba 2024 mahakama moja ya Paris ilimtoza faini mwandishi kwa maandishi yake kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kwa hiyo kaka yako hakuota.

Tatizo ni kwamba Ulaya iligawiwa kitambaa kimoja na kila nchi ikapeleka kwa fundi wake. Uamuzi wenyewe uliacha milango wazi. Nchi inaweza kuamua kuadhibu tu maneno yanayoelekea kuvuruga amani ya umma, au tu yale ya vitisho na matusi. Inaweza kuuweka msukumo wa chuki kwenye kanuni ya adhabu, au kuuachia busara ya hakimu. Na waliotajwa ni wale niliokutajia tu. Mtu akipigwa kwa ulemavu wake, au kwa kuwa ni shoga, au kwa uanamke wake, uamuzi wa 2008 haumjui, na usalama wake unategemea amepigiwa upande gani wa mpaka.

Tupande basi lako basi. Kiti ni kilekile, mtu ni yuleyule, mdomo ni uleule.

Mkiwa Vaals, kinachotawala ni Kanuni ya Adhabu ya Uholanzi. Kifungu cha 137c kinamwadhibu anayelitukana hadharani kundi la watu kwa ajili ya rangi au dini yao, kifungo cha hadi mwaka 1 katika hali ya kawaida. Ila wewe si kundi. Ukiitwa nyani wewe peke yako, kosa hurudi kuwa tusi la kawaida, na ile sehemu ya ubaguzi huongezwa na mwendesha mashtaka anapoomba adhabu. Kwa miaka mingi nyongeza hiyo ilikaa kwenye mwongozo wa ndani wa waendesha mashtaka, wala haikuwemo kwenye kanuni ya adhabu. Yaani mtu angeweza kuisoma sheria nzima jalada hadi jalada asiione.

Basi likivuka mpaka, ambao hapo hauna hata kamba, mnaingia kifungu cha 130 cha Ujerumani. Wenyewe hukiita Volksverhetzung, kuwachochea wananchi, na adhabu yake ni kuanzia miezi 3 hadi miaka 5. Ni kifungu kizito, na uzito huo una historia yake unayoijua. Lakini kinataka tendo liwe la kuweza kuvuruga amani ya umma, na tusi la kwenye basi saa 11 alfajiri mara nyingi halifiki hapo. Hapo ulisukumwa, na tangu 2015 kifungu cha 46 kinamtaka hakimu azingatie msukumo wa ubaguzi wa rangi au chuki kwa wageni anapopima adhabu. Kumbuka neno hilo, msukumo. Nitalirudia.

Video nayo imekwenda Liège. Ubelgiji wana sheria ya 30 Julai 1981 dhidi ya ubaguzi wa rangi, na ni ya zamani kuliko uamuzi wa Umoja wa Ulaya. Ila wana jambo moja ambalo kila nikimweleza mtu hudhani namtania. Katiba yao, kifungu cha 150, inataka makosa ya uandishi yahukumiwe na juri ya raia, na mahakama yao ya juu ilikwisha kusema mwaka 2012 kwamba maandishi ya mtandaoni ni uandishi. Kuitisha juri kwa ajili ya maoni chini ya video ni gharama ambayo hakuna mwendesha mashtaka anayeitamani. Mwaka 1999 wakaweka upenyo: maandishi yaliyosukumwa na ubaguzi wa rangi au chuki kwa wageni yaende mahakama ya kawaida. Matokeo yake, aliyeandika "wachomwe moto" akiwalenga Waafrika anaweza kufikishwa mahakamani kesho kutwa. Angeandika maneno hayohayo akiwalenga mashoga, kesi yake ingetakiwa iende kwa juri, na kesi ya namna hiyo ni nadra mno kufunguliwa.

Nchi tatu, kwa mtu ambaye hata tiketi hakubadilisha. Kilima cha Vaalserberg, zinapokutana nchi zote tatu, kiko juu ya nyumba yako, mita 322, na watalii hupiga picha pale wakiwa wameweka mguu huku na mkono kule. Sheria ya chuki ya Ulaya imesimama hivyohivyo, ila yenyewe haicheki.

Utasema, si washirikiane? Wanashirikiana, na hapa tofauti za adhabu ndipo zinapouma. Hati ya kukamata ya Ulaya, iliyoanzishwa mwaka 2002, ina orodha ya makosa 32 ambayo nchi moja ikiomba mtu, nyingine haiulizi "kwetu hili ni kosa?" Ubaguzi wa rangi na chuki kwa wageni vimo kwenye orodha hiyo. Vizuri. Lakini orodha inafanya kazi pale tu kosa linapokuwa na adhabu ya juu ya miaka 3 au zaidi katika nchi inayoomba. Kifungu cha Uholanzi cha mwaka 1 hakifiki. Kwa hiyo neno limeandikwa kwenye orodha na mlango wake umefungwa kwa kitasa kingine. Simaanishi yule wa Liège akamatwe na askari wenye helmeti. Namaanisha hata kazi ndogo ya kuomba ushahidi kutoka nchi jirani hufuata mantiki hiyohiyo, na afisa aliyechoka akiona kosa ni dogo kwenye karatasi zake, faili hulala.

Nimefika kwenye karatasi. Hapa ndipo nilipotaka kukaa na wewe, kwa sababu kilichokudhuru wewe ni meza ya kaunta kuliko upungufu wa miaka ya jela.

"Kusukumana kati ya abiria." Kwenye ile RB yako ya Kijerumani, kama mnavyoiita kwenu (sisi Mombasa tungesema OB), hakuna nyani, hakuna mtandio, hakuna turudishwe kwetu. Kuna miili miwili iliyogusana. Kesi ikifika kwa mwendesha mashtaka hivyo, kifungu cha 46 kitatoka wapi? Msukumo usioandikwa asubuhi hauzaliwi jioni mahakamani.

Miaka kadhaa nyuma nilikaa kama mkalimani, katika kituo cha polisi cha mji mmoja wa Ubelgiji, pembeni ya kijana kutoka Lubumbashi. Alikuwa ameshonwa nyuzi juu ya jicho. Afisa alikuwa mpole kabisa, alimletea maji. Akamuuliza waliokupiga walisema nini, kijana akasema waliniita macaque. Afisa akachapa. Nilipoinama kusoma kabla hatujatia sahihi, nikakuta ameandika: "aliitwa jina la mnyama." Nikamwambia bwana afisa, hilo si jina la mnyama tu. Ndilo tusi walilotumia Wabelgiji kwa Wakongo enzi za ukoloni, babu yake aliitwa hivyo na bwana shamba, na hakuna Mkongo asiyelijua. Akanitazama, akafuta, akaliandika neno lenyewe na alama za kunukuu. Ilimchukua nusu dakika. Nusu dakika ile ndiyo iliyobeba kesi, kwa sababu ndiyo iliyosema kwa nini.

Ukidhani nazidisha, angalia Ujerumani yenyewe. Kati ya 2000 na 2007 kikundi cha Wanazi mamboleo kilichojiita NSU kiliua watu 10. Tisa walikuwa na asili ya Uturuki au Ugiriki, na wengi walikuwa watu wa biashara ndogo: muuza maua, fundi nguo, muuza kebabu. Wa kumi alikuwa askari polisi wa kike. Miaka yote ile polisi walitafuta mafia, wakatafuta dawa za kulevya, wakatafuta madeni. Wajane na watoto wakahojiwa kana kwamba wao ndio wanaoficha siri. Kikosi cha upelelezi kikapewa jina la Bosporus, mlango wa bahari wa Istanbul, na magazeti yakayaita "mauaji ya kebabu". Kwa wale tisa bastola ilikuwa ileile, waliouawa walikuwa wa aina ileile, na bado swali la chuki halikushika mizizi kwenye faili. Ukweli ulitoka Novemba 2011, nao ulitoka kwa sababu wizi wa benki uliwaharibikia wawili kati yao. Yale mabadiliko ya 2015 ya kifungu cha 46 yametokana na fedheha hiyo.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ile ya Strasbourg, ilikuwa imekwisha kulisema hilo Julai 2005 katika shauri la Nachova dhidi ya Bulgaria, la vijana wawili wa jamii ya Roma, ambao wengine huwaita Majipsi, waliopigwa risasi na polisi wa jeshi: dola ina wajibu wa kuchunguza kama kulikuwa na chuki ya rangi nyuma ya tendo, na kuifumbia macho ni kuvunja mkataba. Mwaka 2012 ikarudia kwa mwanamke wa Kinijeria aliyelalamika kwamba polisi wa Palma de Mallorca walimpiga na kumtolea maneno ya kibaguzi, na mahakama za Hispania hazikujali suala la ubaguzi hata kidogo. Hispania ilishindwa. Hukumu hizi zinagusa nchi zote 46 za Baraza la Ulaya, hata Uingereza na Uswisi zisizo katika Umoja. Ndiyo maana nasema sheria ya kwenye kaunta tayari ipo, kwa namna fulani. Haijashuka mpaka kwenye fomu.

Na watu wamekwisha kuisoma hali. Shirika la Haki za Msingi la Umoja wa Ulaya, lenye makao Vienna, lilipowahoji watu wenye asili ya Afrika, katika ripoti yake ya 2018, 64 kati ya kila 100 waliofanyiwa ukatili wa kibaguzi walisema hawakuripoti popote. Ripoti iliyofuata, ya 2023, ikaonyesha asilimia 45 wamebaguliwa kwa rangi katika miaka mitano, na Ujerumani na Austria zikipita asilimia 70. Wewe uliripoti. Siyo jambo dogo.

Kwa nini basi wasiiweke sheria moja iliyo kamili? Walijaribu. Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya, kifungu cha 83, una orodha ya makosa makubwa yanayovuka mipaka ambayo Umoja unaweza kuyatungia sheria ya pamoja: ugaidi, biashara ya binadamu, dawa za kulevya, silaha, utakatishaji wa fedha, rushwa na mengine ya jamii hiyo. Desemba 2021 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza matamshi ya chuki na uhalifu wa chuki viongezwe humo. Kuongeza kosa kunataka nchi zote zikubali katika Baraza la Umoja, hata moja isikatae, na Bunge la Ulaya nalo liridhie. Hapo mambo yakakwama. Januari 2024, zaidi ya miaka miwili baadaye, Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulihimiza Baraza lililoukalia mpango huo.

Linganisha na hili. Mei 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimepamba moto, Kamisheni iliomba kosa jingine liongezwe kwenye orodha ileile: kukiuka vikwazo vya Umoja wa Ulaya. Utaratibu ni uleule, kura ni zilezile za nchi zote. Kufikia mwisho wa Novemba mwaka huohuo lilikuwa limepita. Miezi sita. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba Ulaya ni ngumu, taratibu ni ndefu, mjibu kwamba taratibu ni fupi pakiwa na nia.

Sasa nitakuudhi kidogo. Wanaokataa si wote wenye chuki. Ireland, nchi isiyo na njama na mtu, ilipeleka bungeni muswada mmoja wa uhalifu wa chuki na matamshi ya chuki pamoja. Mwaka 2024 sehemu ya matamshi ikaondolewa kwa upinzani wa wabunge na wananchi waliohofia uhuru wa kusema, ikapita ile ya uhalifu peke yake. Hofu hiyo naielewa. Strasbourg imeshasema tangu miaka ya 1970 kwamba uhuru wa kusema unalinda hata maneno yanayoudhi na kushtua. Kenya kwetu tulitunga sheria ya utangamano na uwiano mwaka huohuo wa 2008, damu ya baada ya uchaguzi ikiwa haijakauka. Kifungu cha 13 kinatoa faini ya hadi shilingi milioni 1 au jela miaka 3 kwa matamshi ya chuki. Kila msimu wa kampeni wanasiasa huitwa, hupigwa picha wakipanda ngazi za mahakama, na wanaofungwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Sheria pana sana humpa mwenye madaraka fimbo ya kuchagua wa kumchapa.

Kwa hiyo mimi, ambaye ujanani nilitaka sheria ya pamoja ifagie kila kitu, siku hizi nataka iwe nyembamba na kali. Yule bwana wa basi kukuita nyani ni uchafu, na sheria ya kila nchi inamtosha. Sihitaji Brussels imtungie kosa. Aliyeandika mchomwe moto ni jambo jingine. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji mwalimu kwa hili. Desemba 2003, Arusha, mahakama ya kimataifa juu ya Rwanda iliwatia hatiani watu wa redio na gazeti waliowaita wenzao mende kabla mapanga hayajatoka. Mwito wa kuua unapaswa kuwa na maana moja kutoka Lisbon hadi Helsinki, na adhabu inayofika ile miaka 3 ili kitasa kifunguke. Na kosa la mkono lililosukumwa na chuki lizidishiwe adhabu kila mahali, kwa sababu zote, rangi, dini, ulemavu, jinsia, mapenzi ya mtu, huku afisa wa kaunta akiwa na lazima ya kuuliza na kuandika aliyoyasikia. Ningeambiwa nichague moja tu kati ya hayo, ningechagua hilo la mwisho.

Kuhusu jinsia kuna hatua. Sheria ya Umoja ya Mei 2024 juu ya ukatili dhidi ya wanawake inafanya uchochezi wa chuki kwa ajili ya jinsia mtandaoni kuwa jinai, na nchi zina mpaka Juni 2027 kuitekeleza. Imepita kwa mlango wa pembeni, lakini imepita.

Cheo hakisaidii, kama uliwahi kujiuliza. Cécile Kyenge, aliyezaliwa Kambove kule Katanga na kuwa waziri wa Italia mwaka 2013, alirushiwa ndizi jukwaani, na makamu wa spika wa Seneti akamfananisha na orangutan mbele ya umati. Wajua Seneti ilifanya nini? Ilijaribu kumkinga mwenzao. Mahakama ya Bergamo ilimhukumu mwaka 2019, karibu miaka 6 baadaye, na hukumu ile ikatenguliwa kwenye rufaa kwa sababu za utaratibu. Waziri mzima.

Video. Sheria ya Umoja ya Huduma za Kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024, inaupa mtandao wa kijamii wajibu wa kuwa na njia rahisi ya kuripoti, kukujibu na kukupa sababu. Kampuni kubwa ikikaidi yaweza kutozwa hadi asilimia 6 ya mapato yake ya dunia. Ila haisemi lipi ni haramu. Inaziuliza sheria za nchi, na hapo tumerudi kwenye lile basi. Kwa hiyo unaporipoti usiandike "inaniumiza" tu. Ile ya moto iripoti peke yake, kama mwito wa ukatili kwa ajili ya rangi na dini, kwa sababu mtandao unaoshuku kosa la kuhatarisha uhai wa mtu una wajibu wa kuitaarifu polisi. Kabla hujaripoti, binti yako apige picha ya skrini yenye anwani ya ukurasa, jina la akaunti na tarehe. Ikishafutwa, ushahidi umekwenda nayo.

Halafu rudi polisi Aachen. Mwelekezo wa Umoja wa 2012 juu ya haki za wahanga, namba 2012/29, unakupa haki ya kuandikiwa uthibitisho wa malalamiko yako, na kwa lugha unayoielewa ukiomba, bure. Unataka pia mhanga wa chuki aangaliwe kwa namna ya pekee. Sema unaongeza maelezo. Taja maneno yale kwa lugha aliyoyatamka, Kijerumani au Kiholanzi, usiyatafsiri na usiyapunguze kwa aibu. Yaandikwe. Mtandio uandikwe. Bega liandikwe, na kama daktari alikuona, cheti chake kiambatishwe. Tia sahihi ya Strafantrag. Kwa yale ya upande wa Vaals fungua malalamiko kwa polisi wa Uholanzi, wao huita aangifte, na kabla ya hapo pita kwenye ofisi ya kupinga ubaguzi. Kila manispaa ya Uholanzi inatakiwa kisheria tangu 2009 kuwa na huduma hiyo, na ni bure. Wao wamezoea kukaa kiti cha pembeni kama nilivyokaa mimi.

Na yule mama wa Kituruki aliyekuokotea simu, mnaonana asubuhi kwenye basi lile? Mwombe akusindikize. Yeye alisikia kila kitu, na jina lake halipo kwenye karatasi. Nimeitazama tena sasa hivi.